Chaja ya Kompyuta Haichaguliwi kwa Pini

Sayansi humfikia mwananchi kwa njia nyingi, na si lazima apitie mlango wa maabara. Mtu asimamaye mbele ya kibanda cha vifaa vya umeme huko Mbagala Rangi Tatu, Tandika, Makumbusho au Tegeta, akitafuta chaja ya kompyuta mpakato badala ya ile iliyoungua, yumo tayari ndani ya swali la fizikia, ajue asijue. Kwa kawaida muuzaji humwuliza mambo mawili tu: kompyuta ni ya kampuni gani, na pini yake ni kubwa au ndogo. Akishajibu, chaja huteremshwa kutoka kwenye msumari ilikoning'inizwa, huchomekwa, kitaa huwaka, na fedha hulipwa. Katika mazungumzo hayo yote neno volti halikutajwa, ampea haikuulizwa, wala hakuna aliyekigeuza kisanduku kile akasoma kibandiko chake.

Mtindo huo wa biashara umezoeleka kiasi cha kuonekana kuwa ndio utaratibu. Lakini ni utaratibu mbovu. Huua chombo cha thamani kubwa kwa sababu ya kifaa cha bei ndogo, na huhatarisha nyumba kwa moto. La kusikitisha zaidi ni kwamba maarifa ya kuuepuka si siri ya wataalamu wachache. Ni yale yale yafundishwayo katika somo la fizikia la sekondari, ambayo mwanafunzi huyaandika katika mtihani, kisha akayaacha shuleni siku anapomaliza.

Yafaa ikumbukwe kompyuta mpakato ni kitu gani katika vitongoji vya Temeke na Kinondoni. Mwenye duka la steshenari huitumia kuchapa barua za maombi ya kazi, mikataba ya kupangisha vyumba na kadi za mialiko ya harusi. Siku isipowaka, duka halina kazi. Mwalimu huandalia mitihani humo. Mwanafunzi wa chuo huhifadhi humo utafiti wa mwaka mzima, na mara nyingi hana nakala nyingine mahali popote. Wengi wameinunua ikiwa imekwisha kutumika ng'ambo, na chaja iliyokuja nayo ilikuwa imechakaa tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo kununua chaja ya badala ni jambo litakalomfika karibu kila mwenye kompyuta, pengine zaidi ya mara moja.

Nchi imetoka mbali katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, nayo ilihitaji chumba chake na watu wake wa kuitunza. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya kuona kwamba vyombo hivyo vilikula fedha za kigeni bila kutoa faida iliyotazamiwa. Mlango ulifunguliwa tena katika miaka ya 1990. Leo chombo chenye uwezo uliozidi mbali ule wa mtambo wa mwaka 1965 hubebwa begani ndani ya daladala. Chombo kimeshuka kutoka chumba cha wataalamu hadi sebuleni, lakini ujuzi wa kukilisha umeme haukushuka pamoja nacho.

Kazi ya kile kisanduku cheusi

Umeme unaofika nyumbani kutoka TANESCO ni wa volti 230, nao hubadili mwelekeo wake kwenda na kurudi mara 50 katika kila sekunde. Kompyuta mpakato haiwezi kuutumia ulivyo. Huhitaji umeme mdogo, aghalabu wa volti 19 au 20, uendao upande mmoja tu bila kurudi. Kazi ya chaja ni kuugeuza ule wa kwanza uwe huu wa pili.

Namna inavyofanya hivyo yastahili kuelezwa, kwa sababu ndipo tofauti ya chaja nzuri na mbaya inapojificha. Kwanza umeme wa ukutani hunyooshwa na kuhifadhiwa katika kapasita, na hapo hufikia takriban volti 325, kwani volti 230 ni kipimo cha wastani maalumu na kilele chake ni kikubwa zaidi. Kisha umeme huo hukatwakatwa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde na kupitishwa katika transfoma ndogo, ambayo huushusha. Kukatwa huko kwa kasi ndiko kunakoiwezesha transfoma kuwa ndogo. Transfoma ya mtindo wa zamani iliyofanya kazi kama hiyo ilikuwa nzito kama tofali.

Katika chaja iliyotengenezwa kwa kufuata kanuni, upande wa volti 325 na upande wa volti 19 haugusani kwa waya wowote. Huachwa nafasi ya milimita kadhaa kati yake, na taarifa kuhusu kiasi cha umeme kinachotoka hurudishwa nyuma kwa mwali wa mwanga ndani ya kifaa kidogo. Nafasi hiyo ndiyo ukuta unaomtenga mtumiaji na umeme wa ukutani. Mtengenezaji wa bandia huokoa senti zake papo hapo: hupunguza nafasi, huweka kapasita dhaifu, huacha kifaa cha kukata umeme pindi nyaya zikigusana. Kwa nje visanduku viwili hufanana kama mapacha. Kwa ndani kimoja kina ukuta na kingine kina pazia.

Kibandiko husema

Kila chaja halali ina kibandiko, na kibandiko hicho hubeba majibu karibu yote. Sehemu ya kwanza hueleza umeme unaoingia. Nyingi huandikwa volti 100 hadi 240, na hizo zafaa kutumika Tanzania bila matatizo. Iliyoandikwa volti 100 au 120 peke yake ilitengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine, nayo ikichomekwa katika soketi ya Dar es Salaam itaungua.

Sehemu ya pili hueleza umeme unaotoka, na hapa ndipo mnunuzi anapopaswa kutulia. Kuna volti, kuna ampea, na mara nyingi kuna wati, ambazo ni zao la kuzidisha volti kwa ampea. Chaja ya volti 19 na ampea 3.42 ina wati 65. Ya volti 20 na ampea 3.25 nayo ina wati 65. Ya volti 19.5 na ampea 4.62 ina wati 90. Tarakimu kama hizi huandikwa pia chini ya kompyuta yenyewe au karibu na tundu la chaja, na kwa hiyo hata aliyepoteza chaja ya zamani hakosi pa kuanzia.

Kanuni ya kulinganisha ni fupi: volti lazima zilingane, ampea zisipungue. Wengi huzichanganya kanuni hizi mbili, na sababu ya kuchanganya ni kutofahamu kwamba volti na ampea ni vitu viwili vya tabia tofauti.

Chukuliwe mfano wa tangi la maji lililoinuliwa juu ya mnara uani, kama yalivyo mengi Mbagala na Tegeta. Kimo cha mnara ndicho kinachotoa msukumo wa maji; msukumo huo upo hata kama bomba limefungwa. Hiyo ndiyo volti: chaja huilazimisha juu ya kompyuta, itake isitake. Mnara ukiwa mrefu kupita kiasi, viungo vya mabomba vitapasuka. Ama ampea ni kama wingi wa maji yanayoweza kupita. Bomba pana halimlazimishi mtu kufungua koki yote. Huchota kadiri ya haja yake. Vivyo hivyo kompyuta inayohitaji wati 65 ikipewa chaja ya wati 90 yenye volti zile zile, itachota 65 na kuacha zilizobaki. Haidhuriki hata kidogo. Lakini ikipewa chaja ya wati 45, itadai zaidi ya inachoweza kupewa. Baadhi ya kompyuta zitachaji polepole, nyingine zitakataa kabisa, na chaja yenyewe itapata joto kali hadi ife kabla ya siku zake.

Basi yule muuzaji anayesema kuwa chaja yenye ampea kubwa itaunguza kompyuta amekosea, na yule anayesema kuwa volti zikizidi kidogo betri hujaa haraka amekosea zaidi. Tofauti ya nusu volti, kama vile 19 kwa 19.5, kwa kawaida huvumilika. Tofauti ya volti tatu au nne ni jambo jingine.

Kwa upande wa upungufu, hesabu ni nyepesi pia. Betri yenye seli nne zilizofuatana hufikia volti 16.8 ikijaa. Maji hayapandi mlima. Chaja ya king'amuzi cha televisheni yenye volti 12 haiwezi kuijaza betri hiyo, hata pini ikiingia. Na hatari ya kinyume chake ndiyo inayotokea majumbani: chaja ya kompyuta ya volti 19 huchomekwa katika king'amuzi au ruta ya volti 12 kwa kuwa tu pini imepokelewa. Chombo kilichotengenezwa kwa volti 12 kikibebeshwa 19, mara nyingi hakihitaji dakika nyingi kufa.

Pini, ncha na utambulisho

Ni kweli kwamba pini nayo ina umuhimu wake, ila umuhimu huo ni wa mwisho na si wa kwanza. Pini za duara hutofautiana kwa kipenyo cha nje na cha ndani. Zipo za milimita 5.5 kwa 2.5, zipo za 5.5 kwa 1.7, zipo nyembamba za 4.5 kwa 3.0, na zipo nene za 7.4 kwa 5.0. Macho hayawezi kutofautisha 2.5 na 2.1. Pini inayoingia kwa kulegea hugusa na kuachia, hutoa cheche ndogo ndogo, na hatimaye huharibu tundu la kompyuta, ambalo kulibadilisha huhitaji kuifungua kompyuta yote.

Kuna tena suala la ncha. Kwenye kibandiko huchorwa alama ya duara ikionyesha kama ncha chanya ni ya ndani au ya nje. Katika kompyuta mpakato nyingi chanya huwa ndani, lakini neno nyingi halina maana ya zote, na ncha zikigeuzwa madhara huweza kutokea papo hapo.

Jambo la tatu huwashangaza wengi. Chaja za Dell na za HP zina sindano nyembamba katikati ya pini. Sindano hiyo haipeleki umeme wa kuchaji, hupeleka utambulisho. Katika Dell, ndani ya chaja mna chipu ndogo inayoiambia kompyuta ni wati ngapi zilizopo. Sindano hiyo ikipinda au chipu ikikosekana, kompyuta hutoa onyo kwamba haiitambui chaja, huwaka lakini hukataa kuijaza betri, na aghalabu hupunguza kasi yake. Mwenye kompyuta hudhani betri imekufa, akaenda kununua betri mpya asiyoihitaji.

Hapa watengenezaji nao wana la kujibu. Utambulisho huo una faida ya usalama, kwani huizuia kompyuta isidai zaidi ya uwezo wa chaja. Lakini kila kampuni ilipojitungia pini yake na lugha yake ya siri, mnunuzi alifungwa katika duka moja, na aliye Tandika, ambako duka hilo halipo, alisukumwa kwenye bandia. Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, yaani IEC, ilichapisha maelekezo ya chaja ya pamoja ya kompyuta mpakato mwaka 2014. Viwanda havikuyakumbatia.

Kukata na kuunga

Wako mafundi stadi katika vitongoji vya Dar es Salaam ambao kwa mikono yao kompyuta zilizokwisha kutupwa zimefufuka. Ustadi wao ni hazina ya taifa na hakuna sababu ya kuubeza. Hata hivyo, ipo desturi moja miongoni mwa baadhi yao ambayo yafaa ikemewe: kukata pini ya chaja moja na kuiunga kwenye waya wa chaja nyingine, kwa kusokota nyaya na kuzifunga kwa utepe.

Ubaya wa desturi hiyo haupo katika kuunga kwenyewe. Waya uliokatika ukiungwa kwa risasi ya kulehemu, ukafunikwa vizuri, kwa chaja ile ile na pini ile ile, utadumu. Ubaya upo katika mambo mawili. La kwanza ni kwamba pini ilikuwa ndiyo alama pekee iliyobaki ya kumzuia asiyejua kuchomeka chaja isiyofaa. Fundi anapoihamisha, kibandiko husema jambo moja na pini husema jingine. Chaja hiyo ikipita mikononi mwa mtu wa tatu, imekuwa mtego.

La pili ni joto. Kiungo cha kusokota huongeza ukinzani. Chukuliwe kiungo chenye ukinzani wa nusu omu tu, na mkondo wa ampea 3.42. Kwa kanuni ya Ohm, volti 1.7 hupotea hapo hapo kabla ya kufika kwenye kompyuta. Kwa kanuni ya Joule, joto la karibu wati 6 huzalika mahali padogo kama punje ya hindi, usiku kucha, pengine juu ya godoro au karibu na pazia. Plastiki hulainika, utepe huachia, nyaya hugusana. Moto wa namna hiyo ukitokea, watu husema ni "hitilafu ya umeme", kana kwamba hitilafu hujileta yenyewe.

Hali kadhalika fyuzi. Plagi ya miguu mitatu bapa inayotumika nchini huwa na fyuzi ndani yake, na kazi yake ni kuulinda waya usiungue. Chaja ya wati 65 huchota chini ya ampea moja kutoka ukutani, na waya wake ni mwembamba. Fyuzi ya ampea 3 yatosha kabisa. Anayeweka ya ampea 13, au kipande cha waya mahali pa fyuzi, amemfukuza mlinzi na kuacha mlango wazi. Na plagi ya bandia isiyo na fyuzi kabisa haikuwa na mlinzi tangu mwanzo.

Mpya bandia au mtumba halisi?

Hoja itolewayo mara kwa mara ni ya bei. Chaja halisi ya kampuni ni ghali, na mwenye kipato kidogo hana uchaguzi. Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa. Kumwambia mama wa steshenari anunue chaja ambayo bei yake inakaribia robo ya bei ya kompyuta yake ya mtumba si ushauri bali ni dharau.

Lakini uchaguzi haukuwa kati ya halisi mpya na bandia mpya peke yake. Chaja halisi iliyokwisha kutumika, yenye volti, ampea na pini zinazolingana, waya wake ukiwa haujachubuka na kisanduku hakijapasuka, aghalabu ni bora kuliko bandia inayong'aa ndani ya karatasi ya nailoni. Vilevile yapo makampuni yanayotengeneza chaja za badala kwa uaminifu bila kutumia jina la mwingine. Kosa la bandia si kutengenezwa na kampuni nyingine. Kosa lake ni kubeba jina na tarakimu za uongo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Dalili za uongo zipo. Kibandiko chenye tahajia mbovu, kisichotaja mtengenezaji, au chenye volti na ampea ambazo zikizidishwa hazitoi wati zilizoandikwa, kimejishtaki chenyewe. Kisanduku chepesi mno kinatia shaka, ingawa uzito peke yake si ushahidi, maana wapo watengenezaji wa bandia wanaotia kipande cha chuma ndani ili kuongeza uzito. Chaja inayonung'unika kwa sauti, inayotoa harufu, au inayopata joto kiasi cha kutoshikika mkononi, irudishwe siku hiyo hiyo. Ama zile chaja za vichwa vingi zenye swichi ya kuchagua volti kuanzia 12 hadi 24, hizo zafaa kwa fundi anayejua anachokifanya. Nyumbani mwenye watoto, swichi hiyo ni ajali inayosubiri mkono wa kuigusa.

USB-C ni nafuu, si mwisho wa tatizo

Huenda ikasemwa kwamba muda si mrefu yote haya yatakuwa historia, kwa sababu kompyuta mpya zinatumia pini bapa ya USB-C, iliyotangazwa mwaka 2014. Kwa pini hiyo, chaja huanza na volti 5 tu, kisha chaja na kompyuta husemezana na kukubaliana kupanda hadi 9, 15 au 20 kadiri inavyohitajika. Kwa volti 20 na ampea 5 hufikia wati 100, na tangu mwaka 2021 kanuni zake zimepanuliwa hadi wati 240. Umoja wa Ulaya umeifanya kuwa sheria: simu na vifaa vidogo kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, na kompyuta mpakato kuanzia tarehe 28 Aprili 2026. Sababu mojawapo iliyotolewa ni taka: chaja zinazotupwa na zisizotumika barani Ulaya zilikadiriwa kufikia tani 11,000 kwa mwaka.

Hatua hiyo ni ya kupongezwa, na mnunuzi wa Dar es Salaam atanufaika nayo, kwa kuwa bidhaa zitengenezwazo kwa ajili ya soko la Ulaya hatimaye hufika Kariakoo. Lakini kompyuta nyingi zinazonunuliwa Temeke na Kinondoni ni za mtumba, na zenye pini za duara zitaendelea kutumika kwa miaka mingi ijayo. Zaidi ya hayo, USB-C imeondoa tatizo la volti na ncha, haikuondoa la wati. Chaja ya simu ya wati 18 huingia vizuri katika kompyuta inayotaka 65, lakini haiwezi kuilisha. Waya nao una daraja: unaopitisha zaidi ya ampea 3 lazima uwe na chipu yake. Kwa hiyo hata pini zikawa moja dunia nzima, kusoma kibandiko kutabaki kuwa wajibu.

Yapasayo kufanywa

Wajibu wa kwanza ni wa mnunuzi, nao haumgharimu kitu. Aende dukani na kompyuta yake au chaja yake ya zamani, au angalau na picha ya kibandiko katika simu. Atamke volti kwanza, ampea pili, pini mwisho. Adai chaja ijaribiwe huku kompyuta ikifanya kazi nzito kwa dakika kadhaa, si kwa kuwaka kwa kitaa tu. Nyumbani, umeme ukikatika aichomoe chaja, na asiirudishe mpaka umeme urudi na kutulia.

Wajibu wa pili ni wa wauzaji na mafundi. Mita ya kupimia umeme ni kifaa cha bei ndogo, na muuzaji wa chaja asiye nayo mezani ni sawa na mwuza nyama asiye na mizani. Hata mita yenyewe haimalizi kazi, kwa kuwa chaja mbovu yaweza kuonyesha volti 19 ikiwa haina mzigo na kuanguka mara inapobebeshwa. Lakini ni mwanzo ulio bora kuliko kubahatisha. Anayebadili pini kwa sababu ya lazima, aandike juu ya kisanduku kwa wino usiofutika alichokibadili.

Wajibu wa tatu ni wa vyombo vya umma. Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975 na sasa likifanya kazi chini ya Sheria ya Viwango ya mwaka 2009, limekuwa tangu mwaka 2012 na utaratibu wa kukaguliwa kwa bidhaa katika nchi zinakotoka kabla ya kuingizwa. Tume ya Ushindani nayo husaka bidhaa bandia. Kazi hiyo ni njema, lakini chaja ni kitu kidogo kinachoweza kuingia ndani ya furushi lolote, na ukaguzi wa bandarini hauwezi kuyaona yote. Hapana budi mnunuzi mwenyewe afanywe mkaguzi. Ingefaa kila chaja inayouzwa nchini iwe na maelezo mafupi ya Kiswahili sanifu: umeme uingiao, umeme utokao, wati, na onyo moja. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kutosoma kilichoandikwa kwa lugha asiyoijua.

Wajibu wa nne, na pengine ulio mkubwa kuliko yote, ni wa shule na vyuo. Chuo cha VETA kiko Chang'ombe, katikati ya Temeke, si mbali na vibanda vya Tandika. Kozi fupi za jioni kwa wauzaji na mafundi wa mitaani, zikihusu vipimo, kulehemu na usalama wa chaja, zingeleta matunda haraka kuliko msako wa polisi. Na mwalimu wa fizikia wa kidato cha pili anapofundisha kanuni ya Ohm, badala ya kuchora ubaoni betri na balbu peke yake, alete darasani chaja tatu zilizokufa, awaambie wanafunzi wasome vibandiko, wakokotoe wati, waseme ipi ingefaa kwa kompyuta ipi. Asizifungue, kwani kapasita yaweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya plagi kuchomolewa. Kibandiko cha nje chatosha kuwa kitabu.

Maarifa ya umeme yamekuwamo katika mihtasari ya shule kwa vizazi kadhaa. Mtihani wake wa kweli haufanyiki katika chumba cha mtihani, bali mbele ya kibanda, jua likiwaka, muuzaji akiharakisha na daladala ikipiga honi. Siku ambayo mnunuzi wa Mbagala atakapouliza "ina volti ngapi?" kabla ya kuuliza "ni shilingi ngapi?", bandia itakosa soko bila kupigwa marufuku.